Mfanyakazi Mwenzangu

Ukutani, ukiingia tu shuleni kwetu hapa Dundee,
pana picha za wafanyakazi wote:
mwalimu mkuu, Bi. Rennie, miwani kichwani;
mpishi; mwalimu wa muziki; nesi wa Alhamisi;
na katikati, ulimi nje, tai ya shule shingoni,
Tofi.
Cheo: mbwa wa faraja.
Mimi huu mwaka wa sita na ufagio. Sina picha.

Nilikotoka mbwa ni tusi.
Mwite mtu mbwa, kisha jiandae kwa ngumi.
Mbwa mwenye jina alikuwa wa nyuma ya geti,
lile lenye kibao MBWA MKALI,
ambako mama yangu alifua mashuka ya watu
na mbwa akala nyama Jumanne
sisi tukingoja Idi.
Kwa hiyo usiniulize kama nilimpenda.
Nilimwona, nikakunja sketi, nikapita upande.

Manyoya yake, lakini, hayapiti upande.
Yako kwenye zulia, kwenye gundi, kwenye ramani ya dunia,
ndani ya kiatu kimoja kisicho na mwenyewe.
Kila jioni nikifungua tumbo la mashine ya vumbi
namtoa humo mbwa mwingine mzima.

Nilidhani kazi yake ni kulala.
Kisha ikaja Novemba, mwezi ambao huku jua
huja kama mgeni asiyevua koti.
Nilikuwa nafuta madirisha ya korido
nikamwona Callan wa darasa la nne,
yule ambaye baba yake hakurudi
kutoka kwenye mitambo ya mafuta, kule baharini.
Yuko chini ya meza na Tofi.
Halii. Hasemi lolote la kuandikwa kwenye ripoti.
Anamhesabu meno.
"Kumi na nane. Tulia. Kumi na tisa."
Na mbwa, mdomo wazi, katulia,
mate yakichuruzika hadi kwenye sweta ya mtoto.
Walipofika arobaini na mbili Callan akasema,
"Yote yapo."
Akajifuta, akaenda kwenye kipindi cha hesabu.

Yote yapo.
Nilibaki na kitambaa mkononi,
dirisha likinitiririkia hadi kwenye kiwiko.

Kengele ya mwisho ikilia
watoto humwagika getini kama kunde,
Bi. Rennie hujifungia na simu zake,
na Tofi huja kwangu, stoo ya ndoo.
Hatikisi mkia. Umechoka huo mkia,
umekuwa kazini tangu asubuhi.
Hulaza kidevu juu ya buti langu la mpira
na kushusha pumzi kama mchukuzi aliyetua gunia.
Kutwa nzima amepokea: hofu ya mtihani,
sungura aliyekufa, mama na baba wasiosemezana,
siri aliyonong'onezwa sikioni na msichana wa darasa la sita
ambaye hata mimi namwogopa.
Naye hana wa kumtulia.

Simshiki. Mimi na Mola wangu tuna maelewano yetu
kuhusu mate ya mbwa na maji mara saba.
Lakini humwambia, "Pole na kazi,"
na sikio moja husimama.
Bi. Rennie asema Tofi anajua Kiingereza tu.
Labda. Ila hilo neno Kiingereza hakina,
nimelitafuta miaka sita.

Jana, kwenye basi la Lochee,
mama mmoja mwenye mfuko wa viazi akaitazama sketi yangu:
nyeusi, imejaa manyoya ya rangi ya asali.
Miaka yote hiyo tumepanda basi moja
na yeye akisoma tangazo lililo juu ya kichwa changu.
"Kumbe una mbwa!" akasema, uso umemfunguka.

Nikajipukuta. Nikataka kusema hasha.
"Si wangu," nikamwambia.
"Tunafanya kazi pamoja."